Wewe ni wa Nani?

Mwaka wa pili wa kusaga lami, kutafuta kazi kulikuwa kumenifanya mtaalamu. Nilijua duka la River Road linalotoa kopi bila kuacha mstari mweusi katikati ya jina lako. Nilijua mageti ya Kilimani ambako bahasha hupelekwa ndani, na yale ambako mlinzi huitumia kufungia mandazi. Nilitoka kwetu Mutuini na patipati miguuni, viatu vya maana ndani ya mfuko, kisha nikanawa matope kwa maji ya chupa kando ya barabara kabla ya kuingia mahali pa watu. Diploma yangu ni ya kutunza stoo. Nipe stoo iliyojaa panya na misumari, nikae nayo wiki moja, utaniomba ruhusa kuingia. Sijisifu, nasema ukweli.

Habari ya kazi ile niliipata kanisani. Kampuni moja ya Kilimani inayosimamia nyumba za kupangisha ilitaka mtu wa stoo, mmoja tu, na watu waende na karatasi zao Jumanne asubuhi. Nikasema hii ni yangu. Niliitaka mpaka usingizi ukanikataa. Mama yangu alikuwa amenisomesha kwa maziwa ya ng'ombe mmoja, akiwauzia wapangaji wa zile nyumba mpya zilizotuzunguka, na sasa magoti yake yalikuwa yameanza kukataa kukunjika. Nilitaka akae chini, basi. Akae kwa kiti kama wamama wengine na aulize chai imechelewa nini.

Jumanne hiyo nilikuta laini ya watu kama thelathini nje ya geti. Mbele yangu alisimama mama mmoja wa makamo, suti ya kanisa, faili kifuani. Alikuwa karani wa kiwanda kilichofungwa. Alifungua karatasi ya nailoni akanikatia kipande cha nduma bila kuniuliza kama nina njaa. Ilionekana tu, nadhani.

Soja wa geti alikuwa na kitabu, na kwa kila mtu alikuwa na swali moja.

"Umetumwa na nani?"

Yeyote aliyekaa Nairobi analijua swali hilo. Wengine walitaja pasta, wengine mjomba fulani wa serikalini, na soja akaandika. Mama wa nduma alipofikiwa alisema kwa sauti ya chini, "Sina mtu." Soja akamwonyesha ukingo wa barabara, juani. "Keti hapo, mama. Tutaona."

Mimi hasira zangu ziko karibu. Si kitu cha kujivunia, lakini ndivyo nilivyoumbwa. Akanigeukia: "Na wewe? Wewe ni wa nani?"

"Mimi ni wa mama yangu!" nikamwambia. "Kwani wewe huna wako?"

Kalamu ikasimama. "Wa Mama?"

"Ndiyo, wa Mama. Andika."

Hakuandika. Alifungua geti pande zote mbili kama anayepitisha lori. "Woi! Si ungesema mapema, madam? Pole sana. Ingia, ingia."

Niliingia kichwa juu, nikijiambia kumbe watu wa Kilimani ukiwakemea kidogo tu wanakunja mkia. Msichana wa mapokezi aliniletea chai ya maziwa na sambusa mbili. Nikala zote. Nilisema moyoni, leo Mungu amekumbuka Mutuini.

Kabla chai haijapoa nikaitwa. Wanaume wawili na mwanamke mmoja walisimama kunisalimia, jambo ambalo halikuwahi kunitokea katika intavyu yoyote. Niliweka bahasha yangu mezani.

"Mama anaendelea aje?" akauliza yule mwanamume mnene.

Niliona ni watu wenye adabu. "Ako sawa. Nimemwacha akikama ng'ombe."

Walicheka kwa furaha mpaka nikacheka nao. "Mnasikia?" mnene akawaambia wenzake. "Bado anakama mwenyewe! Na vile ako na kazi mingi!"

"Kila asubuhi," nikasema. "Magoti tu ndiyo yanamsumbua."

"Magoti! Na hajawahi kutuambia." Yule mwanamke aliandika mahali. Kisha akanitazama kwa upole. "Sawa basi. Utaanza Jumatatu."

Jumatatu! Nilimwona mama yangu kwa kiti. Niliona mpaka rangi ya kiti chenyewe. Lakini bahasha yangu ilikuwa pale pale mezani, imefungwa, na kuhusu stoo hawakuwa wameniuliza hata neno moja. Hilo liliniuma. Nilikuwa nimekesha nikijipanga.

"Hamtaniuliza maswali?" nikasema. "Niulizeni. Niulizeni vile mtu anajua rangi imeibwa kwa stoo na mikebe bado iko."

"Haina haja," mnene akasema, akinisindikiza kwa mkono. "Wewe mwambie Mama tu tumekushughulikia vizuri. Mwambie pia sisi watatu bado tunangoja ile barua ya kupandishwa cheo. Aweke sahihi kabla hajasafiri."

Hapo ndipo akili ilinirudia. Mama yangu hajawahi kumpandisha mtu cheo, labda ndama. Mama wao alikuwa mwenye kampuni. Ndivyo wafanyakazi walivyomwita tajiri wao, Mama, na mimi nilikuwa nimejitangaza getini kuwa mtoto wake.

Nisijifanye malaika. Nilihesabu mpaka kumi nikiwa nimenyamaza, na katika hiyo kumi nilikuwa nimeajiriwa. Nikafikiria, nikishaingia nitachapa kazi mpaka wasahau niliingiaje. Halafu nikafikiria huyo mwenye kampuni akija siku moja na kuniuliza, wewe ni wa nani, nami nishushe macho. Kichwa kikawaka moto.

"Mama yangu si huyo wenu," nikasema. "Wangu anauza maziwa Mutuini. Lakini stoo naijua. Fungueni hiyo bahasha mwone."

Hakuna aliyecheka. Mwanamke alifunga kalamu. Mnene alitazama kikombe changu kana kwamba chai ingeweza kurudi ndani yake.

"Tutakupigia," akasema.

Nilichukua bahasha yangu. Nje, mama wa nduma alikuwa bado ameketi juani. "Umepata?" akaniuliza.

"Nilipata," nikamwambia, "halafu nikasema mama yangu ni nani."

Nyumbani nilimkuta mama yangu zizini, amekalia kibao, anakama ya jioni. Nilimsimulia yote nikiigiza sauti za watu, nilivyozoea. Kwa soja alicheka. Kwa sambusa alicheka mpaka ng'ombe akasogea. Nilipofika kwa Jumatatu na kumwambia nilivyojibu, maziwa yalikoma kulia ndani ya ndoo.

"Ulikuwa nayo mkononi?"

"Nilikuwa nayo."

"Ungenikana tu, mami." Alisema bila kugeuka, paji la uso limeegemea ubavu wa ng'ombe. "Mara moja tu, mimi ningejuaje? Petro alimkana Yesu mara tatu na bado akakabidhiwa kondoo awachunge."

Niliumia kuliko nilivyoumia Kilimani. Hao wa Kilimani walininyima kazi tu. Huyu alikuwa tayari kufutwa kabisa ili mimi nipite, na hakuliona kuwa jambo kubwa.

"Siwezi," nikasema.

"Kiburi."

"Ndiyo, ni kiburi. Nilikitoa wapi?"

Aliniachia ndoo niibebe, kitu ambacho yeye hakubali kirahisi. Nikaenda kugawa maziwa kwa wapangaji. Mlango wa kwanza nilibisha, sauti ya mwanamume ikauliza kutoka ndani, "Nani?"

Siku zote mimi hujibu, "Maziwa." Jioni hiyo nilivuta pumzi, nikapaza sauti ifike mpaka zizini.

"Ni mtoto wa Mama Maziwa!"