Alama ya Marobota Juu ya Kaburi

Kila Ijumaa, kwenye msikiti ule wenye makaburi ya kale, si mbali na mtaa wa Xiaobei huku kwa Wachina, mimi hupita kwanza kwenye mawe ya zamani. Mengine yameinama, na maandishi yake ya Kiarabu yamelika hata kidole kinasoma vizuri kuliko jicho. Ni ya wageni waliokuja zamani wakabaki. Najaribu kupata jina. Madrasa niliacha mapema, kwa hiyo sina hakika hata na herufi ninazodhani nimezipata.

Zamani nilikuwa sisimami hapo. Nimeanza baada ya mwenzangu kufa.

Tulipanga chumba kimoja mtaa wa Sanyuanli, miaka minne. Alianguka akafa akinunua nguo za biashara sokoni Guangyuan Xilu, tukamzika makaburi ya Waislamu nje ya mji. Wenzetu walihangaikia vibali. Mimi nikaachiwa jiwe la kaburi. Mchongaji akataka nimwandikie jina kwenye karatasi. Sasa sisi hapa kila mtu ana alama yake, huandikwa kwa maka pen kwenye marobota ili wakala wa mizigo asichanganye, na kwa alama hiyo ndiyo tunaitana. Yeye alikuwa M77. Mkono wangu ukaandika M77 DAR, kama nilivyomwandikia marobota yake mara nyingi. Jina lake nilikuwa nalijua. Na kusema haki, mchongaji aliniuliza mara mbili, nikamjibu ndiyo mara mbili.

Mama yake, kutoka nyumbani, akaomba picha ya kaburi. Nilikaa nayo wiki mbili ndipo nikaituma.

“Mwanangu,” akaniandikia, “jiwe hili la nani?”

Nikamweleza. Kesho yake akapiga simu mwenyewe. “Jina nilimpa siku ya saba. Lirudishe.”

Nilitaka kununua jiwe jingine, akakataa. Lililokwisha kusimikwa juu ya maiti lisisumbuliwe. Mchongaji naye akasema herufi hazifutiki, ila chini, karibu na udongo, pana nafasi. Jina likachongwa pale.

“Chini si neno,” mama akasema. “Ukienda, inama ulisome, nami nisikie.”

Basi mimi huenda kaburini, nikampigia simu, nikachuchumaa, nikasoma.

Mwezi uliopita, kwenye ghala la wakala, nilikuta marobota yameandikwa M77, wino haujakauka. Wakala hakukosea, alama isiyo na mwenyewe hupewa mteja mpya. Lakini nilisimama mbele ya yale marobota nikingoja mtu aje kuyachukua, na aliyekuja sikuthubutu kumtazama usoni. Labda ni ujinga wangu.

Jana nilikuta mvua imerusha tope kwenye jiwe lake. M77 juu ilikuwa safi, inang'aa. Jina halikuonekana kabisa, nikajikuta najiuliza kama kweli lilichongwa. Nikapiga magoti, nikapangusa kwa pindo la kanzu. Simu niliyompigia mama yake ilikuwa imeshapokewa.

“Mbona kimya?”

“Nafuta tope, mama.”

“Futa. Nipo.”