Wanawake Waliojibu Hapana

Mwaka wangu wa mwisho wa udaktari pale Kisangani nilichagua mada ambayo wenzangu waliikwepa: wanawake wanaovuja mkojo baada ya uzazi mgumu. Mtoto akikwama njiani siku mbili tatu, kichwa chake hukandamiza nyama laini ya mama mpaka inakufa, na tundu linabaki kati ya kibofu na njia ya uzazi. Ndiyo fistula. Nilikuwa nimeiona mara moja tu, kwa msichana aliyekataa kukaa kitandani wodini asije akakilowesha. Alisimama mchana kutwa. Nilitaka kujua wenzake wako wapi, na kwa nini hawaji.

Profesa aliyenisimamia, daktari bingwa wa wanawake, alipitisha kidole kwenye daftari la wagonjwa akalifunga.

"Tasnifu haiandikwi kwa watu watatu. Badilisha mada. Fanya malaria ya wajawazito."

"Profesa, wagonjwa wako nyumbani. Nipe miezi miwili nikawatafute Lubunga, ng'ambo ya mto."

Alinitazama juu ya miwani. "Miwili. Ikizidi siku moja, unafanya malaria."

Basi kila asubuhi nilitoka kwetu Kabondo kwa toleka, nimekaa nyuma ya baiskeli na mafaili mapajani, mpaka ukingoni mwa mto, kisha pirogi, mtumbwi mrefu, mpaka ng'ambo. Nilikuwa na maswali ishirini niliyoyatoa kwenye Kifaransa na kuyatia katika Kiswahili safi, yamepitishwa na kamati ya maadili, yamepigwa muhuri. Swali la nne lilisema: Je, unashindwa kuzuia haja ndogo? Nililiuliza nyumba kwa nyumba wiki nzima. Hapana. Hapana. Hapana, docta. Wengine walijibu kabla sijamaliza kusoma.

Karibu na stesheni ya reli aliishi mkunga mstaafu aliyezalisha nusu ya mtaa ule. Alinikaribisha nipumzike barazani kwake, akaomba kuona karatasi yangu, akaishika mbali na macho.

"Hii Swahili ni ya nani?"

"Ya kitabu, mama."

"Njo maana. Tena unauliza sawa polisi. Mwanamuke atasema ndiyo kwa hii, mama-mukwe anamuangalia? Acha mukojo. Muulize: ulizala namna gani? Kisha ufunge kinywa."

Niliporudi kumwambia Profesa kwamba nataka kubadilisha maswali, alikasirika. Kamati imeshayapitisha, alisema. Kuyarudisha ni kupoteza majuma matatu.

"Nitayapoteza," nikamjibu. Sijui ujasiri ule ulitoka wapi.

Nilikaa siku nne na mkunga tukiandika upya, yeye akisema, mimi nikinakili kama anavyosema. Kamati ilikubali.

Wa kwanza niliyemrudia alikuwa mwanamke ambaye hapana yake nilikuwa nimeshaiandika. Alikuwa na umri wa kama miaka thelathini, ameachwa na mumewe, akilima muhogo peke yake pembeni ya mtaa. Safari hii sikumfuata nyumbani. Nilimkuta shambani, nikakaa naye chini.

"Yaya," nikamwita, kama tunavyomwita dada mkubwa, "mtoto wako ulimzala namna gani?"

Aliendelea kumenya muhogo. Nilifunga kinywa kama nilivyofundishwa, na sijawahi kuona jambo gumu kama hilo. Alimenya wa kwanza, akamenya wa pili.

"Siku tatu," akasema mwishowe. "Siku ya kwanza mama-mukwe alisema niko mwoga. Siku ya pili walitafuta pirogi, mvua ikakataa. Siku ya tatu njo nilivuka. Mutoto alikuwa amekwisha kufa." Aliweka kisu chini. "Tangu pale, mayi iko inapita yenyewe. Sikuelezea mutu hata moja."

"Mbona siku ile uliniambia hapana?"

Alinishangaa. "Uliuliza kama nashindwa kuzuia. Mimi nazuia. Nakunywa mayi kidogo, nafunga vitambaa, siendi kanisani. Ile si kuzuia?"

Niliandika maneno yake kama yalivyotoka. Kisha nikamwambia kwamba tundu lile hushonwa. Hakuwa anajua. Miaka saba alidhani ni kitu alichozaliwa nacho, na uzazi umekifungulia tu. Nikamweleza pia kwamba anaweza kukataa kushonwa, na kukataa kuandikwa, na bado nitamtembelea. Akasema, "Bon, sasa tunaenda lini?"

Vitambaa vyake vilikuwa vya pagne, kitenge kuukuu, vigumu, vimemchubua mapaja. Papa, baba yangu, ni fundi cherehani, kwa hiyo nilianza kuokota mabaki chini ya mashine yake nimshonee vipya. Siku ya tatu akaniuliza ninashona nini. Nilimweleza wazi, jambo ambalo kwa familia yetu ya Kiislamu binti hamwelezi baba yake. Aliendelea kukanyaga mashine. Kesho yake nilikuta pamba laini imekatwa vipande sawasawa, pindo zimeshonwa, juu ya mafaili yangu.

Yule mwanamke Profesa alimpasua mwenyewe. Mimi nilisimama pembeni nikishika kifaa cha kupanulia mpaka vidole vikafa ganzi. Siku ya tisa shuka ililowa. Mshono ulikuwa umeachia.

Nilitoka nikalia nyuma ya kamba za kuanikia mashuka. Yule mgonjwa alinifuata, polepole, ameshika mpira wake wa mkojo mkononi.

"Weye unalia nini? Mimi nilikaa na hii miaka saba. Enda muulize Profesa atashona tena lini."

Profesa alisema nyama lazima ipone kwanza, si chini ya miezi mitatu. Miezi yangu miwili ilikuwa inaisha. Sikumkumbusha, naye hakuitaja malaria.

Miezi hiyo mitatu yule yaya alizunguka nami. Tulipoingia nyumba, aliomba wanaume watupishe, akaketi, akasimulia yake kwanza, pamoja na mshono ulioachia. Hakuficha. Wanawake wale wale walionijibu hapana walimsikiliza wakiangalia sakafu, kisha kila mara mmoja alifunga mlango akaanza: "Mimi yangu ilikuwa siku mbili." Daftari langu lilijaa, nikanunua jingine.

Upasuaji wa pili Profesa alichukua muda mrefu zaidi. Majuma mawili baadaye tulitoa mpira. Asubuhi iliyofuata nilimkuta yule yaya amekaa ukingoni mwa kitanda, anapapasa shuka. Kavu. Aliomba maji, akanywa kikombe kizima, akaomba kingine, akakinywa taratibu huku akinitazama kama anayenijaribu.

Siku ya kutetea tasnifu mmoja wa watahini aliuliza kwa nini nimeweka Swahili ya sokoni katika kazi ya udaktari. Nikamjibu kwamba Swahili ya kitabu ilinipa wiki nzima ya majibu ya uongo, na kosa lilikuwa langu, si la wanawake. Akaandika kitu. Profesa alisema, "Aliniambia hivyo hivyo, nikamkasirikia."

Sasa mimi ni daktari, na wanafunzi wananifuata wodini. Wako wanawake katika madaftari yale ambao hawajashonwa bado, na wawili ambao matundu yao ni makubwa kupita ujuzi wetu wa leo. Sijawafuta. Kila Alhamisi naenda kwao. Wiki iliyopita mmoja wao aliniuliza kama nitachoka kuja. Nikamwambia aandae chai, maana nimekuja na mwanafunzi, na kazi ya mwanafunzi huyo leo ni kusikiliza tu.