Ndoo ya Kisima Haiwekwi Chini

Ipo asubuhi moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka hata leo masikio huniwaka moto. Bi Mishi, mama mtu mzima aliyekuwa akisimamia kisima cha mtaa wetu pale Takaungu, aliingia kibandani kwangu bila kupiga hodi, mkononi ameshika ndoo niliyoiunda mwenyewe. Hakungoja hata nimwamkie. Aliitua ndoo juu ya meza yangu ya kazi, nayo ikasimama wima, haitikisiki. Akaitazama, kisha akanitazama mimi.

“Inasimama vizuri,” akasema. “Hilo ndilo kosa lake.”

Sikumwelewa. Wewe nataka uelewe, kwa hiyo nistahimilie nirudi nyuma kidogo. Mimi sikuelezwa na mtu, na nilikiona cha mtema kuni.

Mimi ni fundi wa bati. Kazi nilijifunza kwa Mzee Omari, aliyekuwa akiunda taa, mabirika, masanduku na ndoo kwa mji mzima. Macho yake yalipoingia ukungu aliniachia kibanda na vyombo, akawa anakaa nyumbani na tasbihi yake. Nilikuwa kijana wa miaka ishirini na ushei, na sifa zilikuwa zimekwisha kunilevya. Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mimi nilisifiwa kwa kulehemu, nikayaharibu maji yenyewe.

Ndoo ya kisima cha mtaa ilikuwa kazi ya Mzee Omari. Ilikuwa ndogo kuliko ndoo ya nyumbani, na kitako chake kilikuwa cha mviringo kama dafu, ukiiweka chini inaanguka. Kwenye mdomo, upande mmoja, palilehemiwa kipande cha chuma kizito, utadhani ni kiraka cha mtu aliyeishiwa bati. Ikining’inia kwenye kamba, ndoo hiyo iliinama upande kama mtu aliyelala shingo vibaya. Watu walipomaliza kuteka waliitundika kwenye ndoano iliyokuwa juu ya nguzo ya kisima.

Siku ilipotoboka, Bi Mishi aliniletea akasema, “Tuundie nyingine kama hii.”

Kama hii! Maneno mawili tu, mwanangu, na mimi niliyasikia yote mawili. Lakini nilipoigeuzageuza ile ndoo nilicheka peke yangu. Nilijiambia, masikini Mzee Omari, kumbe macho yalianza kumpotea zamani. Kitako kimemshinda kunyoosha, na mdomoni kabandika chuma kuziba tundu. Nikaona haya kwa niaba yake. Nikaamua kuwaonyesha watu wa mtaa kazi ya fundi anayeona.

Nikaunda ndoo ndefu, pana, ya kitako bapa, isiyo na kiraka, inayong’aa hata ukajiona uso. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Sasa nisikilize vizuri, maana hapa ndipo penye elimu. Ndoo nyepesi yenye kitako bapa ikifika majini haizami. Inakaa juu ya maji kama sahani, na wewe uliye juu umebaki na kamba iliyolegea. Lazima uitikise, uivute, uiachie, uirushe upande, mpaka bahati ikuangukie ipinduke. Kile chuma cha Mzee Omari hakikuwa kiraka. Kilikuwa kikiuvuta mdomo wa ndoo uzame kwanza, maji yaingie yenyewe, na anayeteka asitoe jasho ila la kuvuta. Nacho kitako cha mviringo kilikuwa na kazi yake, ambayo nitakuambia punde hivi.

Siku ya pili nilipita kisimani makusudi, nisifiwe. Mwanajuma, jirani yetu mwenye ulimi, aliniona kabla sijafika.

“Fundi! Umetuundia ndoo au bata?”

Wanawake wakaangua kicheko. Mwingine akasema, “Mwache, shoga, tumngoje atage.”

Dada yangu Zena alikuwapo, ameshika kamba, na bintiye Saumu wa miaka mitatu amemng’ang’ania kanga. Akaniambia kwa upole, “Kaka, hebu teka nayo wewe kidogo, uone.”

Unajua nilimjibu nini? Hata kuandika naona uchungu. Nilisema, “Nyinyi hamna mikono. Chombo kizuri kinataka mtu hodari.” Nikageuka nikaenda zangu. Sikuwa nimewahi kuteka maji pale tangu nilipobaleghe, na bado niliwafundisha kuteka wale waliokuwa wakiteka kila alfajiri ya Mungu! Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, lakini mimi nilikuwa nikiwaambia waliokilalia kwamba hakina kunguni.

Basi likaja la pili, nalo ndilo lililotuumiza. Ndoo ya Mzee Omari haikuweza kuwekwa chini, kwa hiyo hakuna aliyeiweka chini. Yangu ilisimama. Na kitu kinachosimama, mwanangu, mtu aliyechoka atakisimamisha. Pale kisimani palikuwa na tope la maji yaliyomwagika, mbuzi wakija kunywa na punda wa wachukuzi wakingoja mizigo, na unajua wanyama huacha nini wanaposimama. Mama mmoja akiitua ndoo pale apumue, kisha anaiteremsha kisimani. Wa pili vivyo hivyo. Kitako changu kizuri kikawa na safari zake: matopeni, kisimani, matopeni, kisimani, kutwa nzima, na chini mle ndimo yalimokuwa maji ya kunywa ya mtaa mzima.

Matumbo yakaanza kuwauma watoto. Mmoja leo, wawili kesho. Kisha Saumu. Alihara na kutapika tangu asubuhi hadi alasiri, macho yakamwingia ndani, na ngozi ya tumbo ukiifinya ilibaki imesimama. Zena alimbeba mgongoni hadi barabarani, akapata gari la kwenda hospitali Kilifi, na huko wakamlaza na kumtundikia maji. Daktari hakuuliza mengi. Aliuliza, “Mnakunywa maji ya wapi?”

Mtoto alikuwa na siku mbili kitandani, hatujui kama ni wa kurudi au wa kuzikwa, ndipo Bi Mishi alipoingia kibandani kwangu asubuhi ile niliyokuambia.

“Nifuate,” akasema.

Nilimfuata hadi kisimani. Wanawake walikuwa wamejaa, na safari hii hakuna aliyenitania. Bi Mishi akanikabidhi kamba.

“Teka.”

Nikateremsha ndoo. Ikaelea. Nikaitikisa, ikaelea. Nikaitikisa tena kwa hasira, ikagonga ukuta wa kisima ikaelea. Jasho likanitoka, kamba ikanichuna viganja, na mwisho nikapandisha ndoo yenye maji nusu.

“Pole, umechoka,” Bi Mishi akasema. “Itue chini upumzike.”

Nikaitua chini. Nilifanya hivyo bila kufikiri, kama ambavyo mtu yeyote angalifanya.

“Haya, iinue. Tazama kitako.”

Nikatazama. Tope na mavi ya mbuzi.

“Sasa iteremshe tena kisimani. Mbona unasita? Hivyo ndivyo tufanyavyo tangu ulipotuletea.” Akaniambia, “Basi kunywa hayo yaliyomo ndani.”

Nikayatazama maji. Sikuweza kuyanywa.

“Saumu aliyanywa,” Bi Mishi akasema.

Mwanangu, nimetukanwa mara nyingi maishani. Hakuna tusi lililonifika kama maneno yale mawili.

Kutoka pale nilikwenda moja kwa moja kwa Mzee Omari, nimebeba ndoo. Nikamwamkia, “Shikamoo, mwalimu,” akaitikia, akanyoosha mikono niiweke. Akaipapasa polepole, kama unavyompapasa mtu uso usiku wa giza.

“Chuma kiko wapi?”

“Nilidhani ni kiraka, mwalimu.”

“Na kitako?”

“Nilidhani mkono ulikosea.”

Nilingoja anifokee. Badala yake akasema, “Mimi pia ndoo yangu ya kwanza ilielea. Mamake Mishi ndiye aliyeifunga jiwe mdomoni kwa ukamba, akaniletea, akaniambia, ‘Fundi, nifanyie hivi, lakini kwa chuma, jiwe linatoka.’ Kitako cha dafu ni wao pia walionitaka nifanye, baada ya mwaka wa matumbo. Ile kazi ni ya wanawake wa kisimani. Yangu ni risasi ya kulehemu na nyundo tu.”

“Mbona hukuniambia, mwalimu?”

“Mbona hukuniuliza?”

Wote wawili tulikuwa na haki, na wote wawili tulikuwa na makosa. Sitamwonea haya marehemu, Mungu amrehemu: alinifundisha kukata bati miaka minne, na hata siku moja hakuniambia kwa nini linakatwa hivyo. Hilo pia hunikasirisha. Sisi wazee tuna tabia ya kuficha sababu kama haluwa ya sikukuu, kisha tunawalaumu vijana kwamba hawajui utamu wake.

Kisima tulikikausha. Mchimba kisima huingia mwenyewe, kwa hiyo niliyeingia kuondoa tope ni mimi, siku mbili mfululizo, na Mwanajuma aliinama ukingoni akaniuliza kama bata wameonekana huko chini. Nikaunda ndoo nyingine, ndogo, ya kitako cha dafu, na chuma mdomoni. Bi Mishi aliijaribu kabla ya kuipokea. Saumu alirudi nyumbani mwepesi kama pamba, lakini alirudi. Sikuapii kwamba kosa lote lilikuwa la ndoo yangu, maana uchafu una njia nyingi. Lakini njia ile niliifungua mimi, kwa kiburi, na mwenye kulipia alikuwa mtoto wa miaka mitatu.

Ningaliyanyamazia haya, lakini majuzi nilikwenda kijiji cha Adu kuwajulia hali wakwe wa mwanangu mkubwa. Wana kisima kipya, kimejengwa vizuri na kina mfuniko. Nilipokaribia nikasikia ugomvi. Kijana mmoja aitwaye Karisa, mwenyekiti wa kamati ya maji, alikuwa ameshika ndoo ya plastiki nyeupe, kubwa, ya kitako bapa, iliyoletwa na waliofadhili kisima. Alikuwa akikata kamba kwa kisu. Kamba hiyo ilifunga jiwe kwenye mdomo wa ndoo.

“Mnaharibu mali ya jamii!” alikuwa akisema. “Mnapewa kitu kizuri mnakifunga mawe kama watu wasiosoma.”

Mama mmoja, Kadzo, amebeba mtoto mgongoni, akamjibu, “Haizami, Karisa. Tukiifunga jiwe inazama.”

“Inazama kwa anayejua kuteka. Nyinyi ni wavivu tu.”

Loo! Damu ilinipanda kichwani, nikasahau kwamba mimi ni mgeni tena mkwe. Nikamwita, “Njoo hapa wewe!” Akaja, akaniamkia, maana ni mtoto mwenye adabu, na hilo nalo liliniuma, kwamba mtoto mwenye adabu anaweza kusema vile.

“Mara ya mwisho kuteka maji hapa ilikuwa lini?” nikamuuliza.

Akatabasamu. “Babu, kwetu maji ni kazi ya akina mama.”

“Na ndoo hii waliichagua akina mama?”

Kadzo akadakia, “Sisi hatukuulizwa, babu. Tuliitwa kupiga makofi.”

Nikamwambia Karisa, “Basi hilo jiwe ulilolitupa ndilo kitu cha pekee hapa kisimani kilichofanywa na mtu anayejua. Liokote.”

Aliliokota. Nikamweleza yote niliyokueleza wewe, taratibu, mpaka kijana akaketi ukingoni. Kisha Kadzo akamweleza mengine ambayo hata mimi sikuyajua: kwamba ndoo ikiwa kubwa mwenye mimba hawezi kuivuta, na kwamba utambo mwembamba wa kushikia ndoo unakata vidole. Aliyatoa yote mfululizo, kama mtu aliyengoja siku nyingi kuulizwa.

Mwanangu, huenda wewe hutaunda ndoo. Utaunda meza, sheria, shule, barabara, mtambo. Nakusihi: ukikuta chombo cha wazee kimepinda, usikinyooshe kabla ya kujua kilipindwa kwa nini. Pengine ni kosa kweli, wala sisemi kila la kale ni dhahabu. Lakini uliza kwanza, na usimuulize anayekisifu chombo. Muulize anayekibeba. Akikuambia kinamshinda, usimwite mvivu. Ndipo ukishike wewe mwenyewe, mikono ikuchunike kidogo, kabla hujafungua kinywa. Na siku utakapokuwa mzee, usifiche sababu. Ukimfundisha mtu kukata, mwambie na kwa nini.

Usiogope kukosea, nami sikutishi. Fundi asiyekosea hajaanza kazi. Ninachokukataza ni kukosea ukiwa umesimama juu ya vichwa vya watu wanaokuambia kwamba umekosea.

Mwenyezi Mungu akupe mikono yenye ustadi na moyo usioona haya kuuliza. Akuepushe na sifa zinazopofusha. Akijalie kila ukitengenezacho kimfae mnyonge kabla hakijampendeza tajiri, na watoto wa watu wanywe kwa mkono wako wapate afya. Amina.