Nimefikia Kaloleni

Kwetu Meru, mtu mwenye ndugu halali gesti. Ukilala gesti umewatukana. Mama alipokuwa hai neno lenyewe halikutamkwa nyumbani. Lakini mama hayupo, nyumba yetu ya mlimani tuliiuza, na mwaka huu, baada ya miaka mingi Dar, nikajikuta na simu mkononi nachagua mtaa wa kulala Arusha kama mtalii. Arusha yangu mwenyewe, jamani!

Olasiti niliikataa, mbali. Lemara kumetulia mno, mageti na mbwa; ukimya ninao wa kutosha kule ninakoishi. Nikachukua chumba Kaloleni, karibu na uwanja wa mpira, kwenye kelele zote. Na nisidanganye, nilikuwa na sababu nyingine. Watu wa mlimani wakishuka na ndizi hupita pale. Nilitaka mmoja wao anione, anigombeze, aseme, "Yaani unalala gesti na sisi tupo?" Hilo tu. Ningejitetea kidogo, kisha ningebeba begi nimfuate.

Asubuhi nilikaa barazani na chai yangu, nikimkodolea macho kila mama aliyepita na mkungu. Wapi! Hakuna aliyegeuka. Nilijisikia mpweke, na mlima uko palepale, nauona.

Jumapili nikapanda hadi kanisa la Kilutheri nililobatiziwa. Nikakaa kwenye benchi alilokuwa akikaa mama. Baada ya matangazo, mzee wa kanisa akasema, "Wageni wetu wasimame, watuambie wametoka wapi na wamefikia wapi."

Sikusimama. Mimi mgeni? Hapa? Thubutu!

Bibi mmoja aliyekaa pembeni yangu, niliyemwamkia shikamoo wakati wa kuingia, akanigusa goti. "Simama, mwanangu, usione haya. Wageni tunawapenda."

Nikasimama. Nikataja jina langu, nikataja la baba, na la babu pia, taratibu, wasije wakasema hawakusikia. Kisha nikapaza sauti: "Nimefikia Kaloleni. Gesti."

Nikangoja. Nilingoja mtu agune, hata mmoja tu, aniumbue mbele ya kanisa zima.

"Karibu sana, mgeni wetu," akasema mzee wa kanisa, na wote wakanipigia makofi.