Tracker ilisema nashusha mchele, na mimi niko kwa laini ya Malaba nakunywa chai

Wakuu, salamu kwenu. Hii si ya jirani wala ya "rafiki yangu mmoja". Ilinipata mwenyewe, na chumvi sitaongeza kwa sababu ilikuja ikiwa imekolea.

Mimi ni dereva wa trela. Nyumbani ni Moding, kwa hivyo nikiwa kwa laini ya Malaba huwa karibu kabisa na ugali wa mke wangu na siwezi kwenda kuula.

Siku hiyo nilikuwa na kontena la mchele wa kwenda Kampala, limefungwa seal ya forodha tangu Mombasa. Nilikuwa nimebakisha malori machache kufika geti la mpaka wa Uganda.

Kwa wale hawajaona laini yetu: malori hupanga safu mbili na hakuna anayeacha nafasi. Ukiacha upenyo wa kupita mbuzi, mtu atachomeka trela nzima hapo. Kwa hivyo tunabanana mpaka side mirror zinakunjwa.

Mimi nilikuwa safu ya kushoto. Kushoto kwangu ukuta wa lodging ya ghorofa nne, kulia kontena la mwenzangu. Juu, kipande chembamba cha mbingu.

Saa tatu asubuhi tajiri wangu akapiga simu kutoka Nairobi. Ananiuliza niko kwa store ya nani.

Nikamwambia boss, niko kwa laini, injini imezimwa, nakunywa chai.

Kumbe ameketi na tracker kwa simu yake. Anaona lori lake limetoka barabarani, limepita katikati ya lodging, limetokea nyuma kwa ghala la nafaka na kukaa huko. Halafu likavuka Uganda, likarudi, bila kugongewa stempu. Mimi ambaye hungoja siku mbili nivuke mara moja.

Kwa hesabu yake, nilikuwa nashusha mchele.

Nikamtumia picha. Akasema hiyo inaweza kuwa ya jana. Nikapiga video call nikamwonyesha seal. Akasema seal siku hizi zinabandikwa tu, nimwonyeshe mchele.

Hebu fikirieni hapo polepole. Ili nithibitishe sijafungua kontena, nifungue kontena. Na nikifungua, watu wa forodha wananishika mimi. Tajiri wangu ana digrii, kwa njia.

Akaniambia kuna dereva ametoka Eldoret na funguo za akiba. Akifika saa nane, nimpe lori niende nyumbani. Jina langu ataliweka kwa grupu ya matajiri wa malori, na ukishawekwa humo kama mwizi wa mizigo, hata mkokoteni hupewi.

Niliogopa, sitawaficha. Miaka kumi na moja barabarani, na sasa nafutwa na kidoti cha bluu kwa ramani ya simu.

Nikamwita Barasa, fundi wa tracker mwenye kibanda huko Mundika. Alifika na boda, akaangalia ukuta, akaangalia kontena, akacheka. Mimi cha kucheka sikukiona.

Akanieleza hivi. Tracker hupima signal ya satelaiti imechukua muda gani kufika, kwa hivyo inataka kuona anga kubwa. Ukiibana hivi, signal inagonga ukuta na mabati ya kontena kwanza. Inafika imechelewa, na tracker inadhani iko kwingine. Ni kama uitwe sokoni halafu ugeukie ukuta uliorudisha sauti.

Akasema shida hii inajulikana sana kwa miji ya maghorofa marefu. Sisi Malaba hatukungoja maghorofa, tumejenga na makontena. Hongera kwetu.

Na kifaa chenyewe kilikuwa kimefungwa chini ya dashboard, katikati ya vyuma, ili wezi wasikione. Satelaiti pia hazikukiona.

Dawa zilikuwa mbili. Antena iwekwe juu ya paa la cabin, na settings zibadilishwe ili signal dhaifu zipuuzwe na lori lililozima injini lisionyeshwe likitembea. Settings ni za ofisi ya kampuni ya tracker, Nairobi. Tukapiga simu, wakatuambia kwa upole ombi letu litashughulikiwa ndani ya siku tatu.

Ilikuwa saa saba kasoro.

Barasa akapanda juu na antena. Kwa simu yake kidoti kikatoka Uganda, kikarudi kwa lodging. Akasema kontena la kulia bado linarudisha signal. Likisonga, na asije mwingine hapo kwa dakika kama ishirini, itatulia.

Asije mwingine. Kwa laini ya Malaba.

Aliyefuata safu ya kulia alikuwa Mzee Ekisa, Mteso mwenzangu, amelala kwa lori siku mbili. Nikamwomba safu yake ikisonga yeye abaki. Aliniangalia kama nimemwomba figo.

"Sasa mimi nikae hapa naangalia nafasi yangu ikienda, sababu simu ya boss yako inaona vibaya?"

Nikamwambia ndio, mzee. Akazima injini, akaweka funguo kwa mfuko wa shati.

Safu ya kulia ikasonga. Nyuma honi zikaanza, na matusi ya lugha nne. Malori mawili yakachomeka mbele yake, yakapita mbio kushika mkia wa safu. Mzee hakugeuza kichwa.

Kidoti kikatoka lodging, kikatulia barabarani. Saa nane kasorobo, meseji ya tajiri ikaingia: "Nimeona umerudi kwa laini. Yule dereva nimemrudisha. Nimekusamehe, lakini usirudie."

Nimesamehewa, wakuu. Kwa kuiba mchele ambao niliufikisha Kampala bila kupungua gunia.

Nikamsomea Mzee Ekisa. Akasema, "Mshukuru. Wengine hufutwa bila kusamehewa."

Funzo nililopata: dai antena yako iwe juu ya paa, na weka rekodi ya injini kuzimwa. Usingoje kidoti kikushtaki.

Mimi nilivuka jioni ile. Baada yangu mtandao wa forodha ukapotea, Mzee Ekisa akavuka kesho yake. Tajiri wake akamkata mshahara wa siku moja, kwa sababu tracker yake ni nzuri sana. Ilionyesha sawasawa mahali alipokuwa: amesimama dakika ishirini, mbele yake wazi, bila sababu.

Wenye imewahi kuwapata, andikeni hapa chini. Na nyinyi wawili mliochomeka, najua mko humu.