Viazi Vinavyolia

Juzi hapa Al-Hamra, ng'ambo ninakofanya kazi za nyumbani, nilikuwa naosha viazi jikoni kwa madam, nikapata kimoja chenye udongo ulioganda kwenye macho, hautoki hata ukisugua. Nikakikata. Ndani kulikuwa na pete ya kahawia, na nilipokibana, ile pete ikatoa matone meupe. Madam akachungulia. "Halas, basi, tupa." Nikatupa, lakini baridi ya kwetu milimani ilikuwa imeshanipanda mikononi.

Rafiki, sikusoma sana, na huenda mengine nayachanganya. Hili silichanganyi. Shosho, nyanya yangu, hakuwa akinunua mbegu ya viazi. Alibadilishana na jirani, mama mjane wa boma la pili, debe kwa debe. Mwaka mmoja, nikiwa mtoto, alinituma mimi. Jirani alikuwa anakamua ng'ombe, akaniambia bila kugeuka, "Chota zile za kule ndani ya stoo. Hizi za mlangoni zinalia matone, usiguse." Kule ndani kulikuwa na giza na harufu ya panya. Nikachota za mlangoni.

Tukapanda, viazi vikamea vizuri. Halafu mchana mmoja mashina yakalala, yangali kijani, udongo umelowa. Jioni yakainuka tena, kama watu waliokuwa wakijifanya wamelala. Yalifanya hivyo siku kadhaa, shosho akiyatazama tu. Kisha hayakuinuka.

Bwana shamba alipokuja alikata shina moja, akalining'iniza ndani ya glasi ya maji. Sote tukainama kutazama, hata jirani aliyekuja kuona. Nyuzi nyeupe zikaanza kushuka kutoka kwenye shina, polepole, kama moshi unaokwenda chini.

"Ni bakteria, shosho. Zimekuja na mbegu, na sasa ziko kwenye udongo."

"Na mbegu ilitoka kwa nani?" shosho akauliza, naye anajua.

Kwa haki, jirani hakumrushia mtu maneno. Alisema tu, "Mimi nilimwambia mtoto."

Shosho akanigeukia. Nikasema sikuambiwa kitu.

Shosho aliniamini mimi, na yeye na jirani hawakusalimiana tena. Siku ya kumzika shosho, jirani alisimama nje ya geti, hakuingia. Nikampelekea chai. Akakishika kikombe kwa mikono miwili, akasema, "Ulikuwa mtoto. Sikukuchukia."

Mama anasema siku hizi kila boma hununua mbegu yake dukani, na ile njia iliyotuunganisha imefunikwa na nyasi. Jirani bado yu hai, na tayari anajua kwamba nilidanganya. Aliyehitaji kuambiwa ni shosho.