Mistari Mitano Upande wa Kushoto

Mchungaji wetu alipohubiri kwamba kila mtu atumie karama yake kazini, si kanisani peke yake, sikuhitaji kujiuliza yangu ni ipi. Ni mdomo. Tangu utotoni mimi ni mtu wa kusema, na tangu niokoke ni mtu wa kusema habari za Bwana. Ususi niliuona kama kazi ya kunipa ugali tu.

Saluni yetu iko mtaa wa Tassia, chini ya ghorofa ya wapangaji, kati ya duka la gesi na kibanda cha mayai ya kuchemsha. Mwenye saluni ni mama wa makamo kutoka Murang'a, mtu wa maneno machache, nasi wasusi humwita Mathe. Hakuchukia mahubiri, maana naye ni mtu wa kanisa. Ila nikianza kuhubiri, alikuwa akiongeza sauti ya redio, nami naongeza yangu.

Niseme nilivyokuwa nikifanya, ingawa siku hizi naona haya. Sikuwa naanza mapema. Mteja akiketi namchekea, namchana, naanza kumsuka kimya kimya. Nikifika katikati, upande mmoja umekwisha na mwingine bado umesimama wima, ndipo namuuliza, "Dadangu, ukifa leo, unaenda wapi?" Mwanamke aliyesukwa nusu haendi popote. Mimi niliona hiyo ni hekima kutoka juu. Nikajisifu kwenye ushirika kwamba nimewaongoza wateja kadhaa katika sala ya toba, bila kutaja kwamba mmoja wao, mama mboga wa jirani, aliokoka mara tatu mwaka huo huo, kila alipokuja kusukwa, ili nimmalize akapike.

Kulikuwa na mteja mmoja, karani katika kampuni ya kusafirisha mizigo, mwanamke wa miaka arobaini hivi. Alipenda mistari kumi myembamba ya kurudi nyuma, nywele zake mwenyewe, bila madoido. Hakuwa mtu wa gumzo. Nikianza kumsuka alifumba macho na kuyafumbua nikimpa kioo. Alhamisi moja asubuhi alikuja, siku ambayo kwa kawaida huwa ofisini, akasema kesho anasafiri kwenda kwao Machakos, nimsuke vizuri. Sikumuuliza anaendea nini. Hilo huniuma hadi leo, mimi niliyekuwa na maswali yote.

Nilipomaliza mstari wa tano, nikamuuliza lile swali langu. Alifumbua macho, akanitazama kupitia kioo.

"Mdogo wangu alikufa Jumapili," akasema. "Tunamzika Jumamosi. Nilikuja hapa nitulize kichwa."

Akainuka. Alitoa leso mkobani, akajifunga kichwa chote, akatoka bila kugombana na mtu. Mistari mitano upande wa kushoto, na upande wa kulia nywele zimetimka. Kwetu Ukambani, kwenye mazishi, ndugu wa marehemu husimama mbele ya macho ya ukoo mzima, na macho ya shangazi zetu hayana huruma. Leso ingeficha, lakini yeye mwenyewe angejua kilichomo ndani.

Mathe akazima redio. Nilitegemea anikaripie, lakini alisema polepole, "Msichana wangu, watu hawaji hapa kwa ajili ya mdomo wako. Mdomo wanauvumilia. Wanafuata hiyo mikono."

Nikanuna. Nikashika ufagio, nikafagia nywele sakafuni kama ninayepigana nazo. Nilijiambia mbegu imeanguka, Mungu ataimwagilia. Kabla sijamaliza kufagia nilikuwa nalia, kwa sababu nilijua Mathe amesema kweli. Watoto hulala nikiwasuka. Wanawake wenye vichwa vya kuuma hunifuata kutoka mtaa wa Mbotela kwa sababu sivuti. Hayo yote sikuwahi kuyaita karama, kwa kuwa hayakunisumbua na niliyapenda mno. Nilidhani kazi ya Mungu sharti ichoshe koo.

Mathe alijua yule karani anakoishi. Jioni nilichukua kitana na mafuta, nikapanda hadi ghorofa ya tano, njiani nikipanga maneno ya kuomba radhi na andiko la kuyasindikiza. Alipofungua mlango, bado amejifunga leso, andiko likanipotea.

"Nisamehe," nikamwambia. "Nimekuja kumaliza. Sitasema kitu."

Nikadhani atafunga mlango. Kisha akaniletea kigoda, naye akaketi chini kwenye mkeka, mgongo kwangu, katikati ya magoti yangu, jinsi mama zetu walivyokuwa wakitusuka. Nikaanza mstari wa sita. Kunyamaza kulinitoa jasho kuliko kusuka. Mara mbili neno lilifika kwenye meno nikalimeza.

Kwenye mstari wa nane mabega yake yalianza kutikisika. Sikuvuta, sikuachilia. Niliiacha mikono yangu pale pale kichwani mwake mpaka yakatulia. Ndipo akaanza kusema mwenyewe. Mdogo wake alikuwa mtu wa kujipamba, hawezi kwenda hata dukani kabla hajajitazama kwenye kioo. Aliugua muda mrefu, na mwishoni kichwa kilimuuma hata hakutaka mtu amguse nywele. Zikashikana zikawa fundo moja. Nilisikiliza, nikaendelea kusuka, nikamaliza. Alipapasa mistari yote kumi kwa vidole, mmoja mmoja, na hakuomba kioo.

"Kesho asubuhi tunamchukua mochari," akasema. "Naye hajasukwa. Nimeuliza wasusi wawili, wamekataa. Wewe utaweza?"

Niliogopa, sitadanganya. Sikuwa nimewahi kumgusa maiti hata mmoja. Nikamwambia nitakuja.

Saa moja asubuhi tulikuwa huko, na mhudumu mpole akatuwekea kiti na kuinua kile kichwa kidogo juu ya kigogo cha mbao. Nilipaka mafuta, nikaanza kufumua kutoka kwenye ncha, kidogo kidogo, jinsi ninavyomfanyia mtu mwenye kichwa cha kuuma. Mhudumu alisema naweza kuvuta tu, hasikii. Sikuvuta. Dada mtu alishika kopo la mafuta, na kila nilipohitaji alilisogeza kabla sijaomba. Ilinichukua karibu saa mbili. Sijui ni wakati gani, nikajikuta na amani ambayo sijawahi kuipata nikiwa nimeshika kipaza sauti kanisani. Kwa mara ya kwanza nilijua kwa hakika kwamba ninamtumikia Mungu.

Nilipofunga mstari wa mwisho nikasogea kando. Dada yake aliweka kopo chini, akainama karibu, akamtazama usoni kwa muda mrefu.

"Ndiye," akasema. "Sasa ndiye."